Ile picha ya "waridi la mbinguni"



Ndugu yangu, huenda nawe umeletewa ile picha: wingu jekundu angani mfano wa waridi, chini yake Suratur-Rahman aya ya 37, kisha "tuma kwa watu kumi". Naomba usitume. Nisikilize kwanza.

Wingu lipo kweli. Picha hizo ziko za aina nyingi, na mojawapo ni ya nebula ya Rosette, jirani na nyota za Jabari, umbali wa takriban miaka ya nuru 5,000. Humo nyota huzaliwa. Zile changa za katikati zina joto kali, na mwanga wake wa urujuanimno huifanya gesi ya haidrojeni ing'ae nyekundu. Subhanallah!

Lakini chungulia kwa darubini ya nyumbani, waridi hulioni. Utaona nyota, na penye giza totoro labda ukungu wa kijivu, kwa sababu jicho halishiki rangi kwenye mwanga hafifu hivyo. Mpiga picha hufunga kamera kwenye darubini, akaiweka juu ya mtambo unaofuata mwendo wa nyota, akapiga picha moja kwa dakika tano, kisha nyingine, na nyingine, kwa saa nyingi, hata usiku kadhaa. Baadaye kompyuta huziunganisha zote. Hiyo ndiyo subira (sisi imamu akirefusha tarawehe kidogo tunatazama saa).

Sasa rangi. Wengi hutumia vichujio vitatu: mwanga wa salfa hupewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Waridi lilelile likatoka la dhahabu na buluu! Huo si udanganyifu, kwani mpiga picha mwaminifu huandika vichujio vyake na muda aliotumia. Sisi ndio tunayafuta maelezo yake tukabandika aya.

Na aya hiyo inazungumzia mbingu itakapopasuka Siku ya Kiyama. Endelea kusoma zinazofuata, utakutana na wahalifu na Jahannamu. Rosette haijapasua mbingu. Mtume ﷺ ametuonya tusisimulie kila tunalolisikia. Basi vipi kumsingizia Mwenyezi Mungu maana asiyoikusudia?

Mfikirie mwanao. Umemwambia wekundu huu ndio muujiza wenyewe. Kesho anaona wingu hilohilo la dhahabu, anasoma kwamba rangi huchaguliwa. Atatilia shaka picha, au Qur'ani?

Wallahu aalam.