Kuna AI Ilifutwa Kazi Kabla Yetu

Wasee, kila nikifungua simu nakuta mtu analia ati AI itatuchukulia kazi. Hiyo hofu naielewa, mimi mwenyewe nakula kwa kuandika maneno. Lakini mbona hatuongei kuhusu ile AI iliyofanya kazi poa na bado ikafutwa?

Mnakumbuka Loon? Julai 2020, Telkom Kenya na hiyo kampuni ya Alphabet, mama yake Google, walianza kurusha 4G kutoka kwa maputo. Maputo kama 35, karibu kilomita 20 juu, ndege za abiria ziko chini huko. Yalifunika karibu kilomita mraba 50,000: Iten, Baringo, Kisii, Narok na kwingineko.

Sasa shida ni kwamba puto halina injini wala usukani. Linaenda kule upepo unaenda. Kitu pekee linaweza ni kupanda au kushuka, kwa kuingiza hewa ya kuliongezea uzito ama kuitoa, likitafuta tabaka lenye upepo wa kuelekea linakotaka. Ni kama kusimama steji usiku: huendeshi matatu, unachagua tu ya kupanda. Na hapa ruti zinabadilika bila kuambiwa, halafu ukimaliza stima ya sola vibaya, usiku unakupata na betri tupu.

Wahandisi walikuwa wameandika sheria zao za kuliongoza. Baadaye wakajaribu njia nyingine, wakaacha programu ijifunze yenyewe kwenye upepo wa kuigizwa na kompyuta. Puto likikaa ndani ya kilomita 50 za mahali pake, linapata alama. Likipotea, alama zinashuka. Unarudia hivyo mara nyingi mno mpaka programu inashika, na hakuna mtu ameiambia iende kushoto ama kulia. (Mtu aliyeacha chuo kama mimi lazima apende hii stori.) Wakaipima juu ya Pasifiki kwa siku 39, ikashinda ile ya wahandisi. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature, Desemba 2020.

Januari 2021, Alphabet ikatangaza inafunga Loon. Gharama zilikataa kushuka. Tarehe 1 Machi huduma ya Kenya ikazimwa. Hata miezi 8 haikuisha.

Hapo ndipo nina maneno. Upepo ulishindwa, pesa ikashinda. Unaweza kuwa na akili bandia inayosoma anga lote, lakini chini yake kuna mtu mwenye kabambe, si simu ya 4G, na bando ya leo amekopa. AI haikufunzwa hiyo hesabu. Na swichi ilikuwa Marekani, si Iten. So gavana ama waziri akija kukata utepe wa mradi wa AI, msimuulize kama ni erevu. Muulizeni nani analipa mwaka wa tatu, na nani ana ruhusa ya kuizima.

Kuna wale watasema wazungu walitutumia tu kama panya wa majaribio. Mimi siendi huko kote. Alphabet ilisema itaacha dola milioni 10 za kusaidia mashirika na biashara za intaneti na elimu hapa Kenya. Teknolojia yao ya kutuma data kwa miale ya mwanga ilihamia mradi wa Taara, ambao umefanya kazi hapa hapa. Na mwaka wa 2022 Google ilitoa programu ya kuigiza maputo hayo, bure, mtu yeyote aipakue ajaribu kufunza AI yake. Iko GitHub. Tunashinda tukibishana kuhusu AI, na hiyo kitu imekaa tu pale.

Halafu ombi. Kama ulikuwa Baringo ama Iten wakati huo na simu yako ikashika hiyo mtandao, nitumie ujumbe. Nataka kujua: ilipozimwa, mlirudi kupanda kilima kutafuta netiweki?