Misukule Darasani

Tunaamini kwamba hadithi ya kutisha yaweza kuwa zana ya kufundishia afya. Hadithi zetu za misukule huuliza: nani kamroga? Filamu ya Mmarekani George Romero ya mwaka 1968 yaonyesha wafu wakitembea; ang'atwaye hufa, naye huinuka kuwashambulia wengine. Hapo pana mfano wa kichaa cha mbwa, kiambukizwacho kwa mate. Basi, walimu watarajiwa, wanafunzi wakiisha kusimulia tuwaulize: maradhi yalitoka wapi, yalipita njia gani, yangezuiwa wapi? Mtoto wa Ulemo ang'atwapo na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe kuchanjwa. Amtafutaye mchawi kwanza hupoteza muda. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.