Nani Atakishika Chombo cha Kunusia?



Msimu uliopita mwenzetu mmoja alishushiwa daraja magunia yake kwa sababu mpokeaji aliinamisha pua akasema, "Hizi zimevunda." Mwenyewe alinusa, nami nikanusa, hatukusikia kitu. Lakini pua yenye kauli ni ile iliyo upande wa pili wa mizani.

Ndiyo maana khabari za chombo cha Marekani zimenishughulisha. Mwaka 2014 wataalamu wa chuo cha MIT, pamoja na Profesa Timothy Swager, walichukua kibandiko cha kawaida kisomwacho na simu, wakaikata njia yake ya umeme, kisha wakaiunga tena kwa kuichora kwa penseli ya vimirija vya kaboni, vyembamba mara elfu nyingi kuliko unywele. Kibandiko hakina betri. Simu ikisogezwa karibu hukipa nguvu kwa mawimbi ya redio. Gesi ikigusa vimirija, umeme hupita kwa taabu au kwa wepesi zaidi, na simu hukisoma au hushindwa. Ndivyo walivyoitambua amonia. Na tangu mwaka 2012 maabara hiyohiyo ilikwisha tumia vimirija kupimia gesi itokayo katika matunda yaivayo.

Walakini tusikimbilie. Vimirija huathiriwa na unyevu, nasi twaanika majamvini huku mvua ya vuli ikitunyemelea. Tena ghala la karafuu lina ukali wake wenyewe. Chombo sharti kijue kuutenga ukali huo na uvundo. Kijuacho amonia hakijui karafuu mpaka kifundishwe, nacho kifundishwe kwa karafuu zetu, nzuri na mbovu.

Hofu yangu khasa ni kije mikononi mwa mnunuzi peke yake. Pua ya mtu twaweza kubishana nayo. Kibandiko kikisema mbovu, nani atabisha? Rai yangu ni kwamba siku kitakapoletwa, simu ya mkulima nayo ikisome kibandiko hichohicho mbele ya mizani, na kipimo cha kuamulia daraja kibandikwe ukutani kila mtu akione. Haya tuyadai sasa, kabla ya chombo kufika.

Jambo hili nitaliweka mbele ya mkutano ujao, In sha Allah. Mwenye karafuu zilizovunda asizitupe. Alete kibaba kimoja, kimefungwa vizuri, na aandike zilianikwa siku ngapi na zilinyeshewa mara ngapi.

Katibu