Barua ya Bustani Iandikwe Kabla ya Septemba

Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu, hasa nyinyi mnaoishi karibu na kiwanja kilichogeuka jaa au nyumba ya mawe inayomomonyoka mvua baada ya mvua: pesa za umma za kugeuza kiwanja kuwa bustani au kukarabati jengo zina njia ya kuombwa, na zina msimu wake. Twawasihi msimu huu usiwapite.

Malalamiko yetu mengi hutoka mwezi Juni, bajeti ikishasomwa, na wakati huo mambo yamekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake kufikia 1 Septemba, kisha makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mradi usiotajwa Septemba ni shida kuupenyeza Aprili. Kwa hivyo barua ya kuomba bustani iandikwe Julai, ikabidhiwe msimamizi wa wadi, nakala apewe mwakilishi wadi, na mbaki na yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Jueni pia mnamwandikia nani. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti bustani, fuo na viwanja vya burudani. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki kwa serikali kuu, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Ombi la kukarabati ukuta wa kale likipelekwa kwa idara ya bustani hulala huko, na hakuna atakayewaita kuwaeleza.

Barua peke yake haitoshi. Sajilini kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, na mtaa gani utakosa watu 10? Ambatisheni kumbukumbu za kikao zenye sahihi, picha za hali ilivyo sasa, na ushahidi wa umiliki wa ardhi. Hili la ardhi msilipuuze, kwani kiwanja chenye mgogoro hakitengewi shilingi.

Kwenye gharama, tafadhali shirikisheni mafundi wetu wa ujenzi wa kale. Nyumba zetu ni za matumbawe, boriti na chokaa. Kuta hizo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizipaka saruji, unyevu hukwama ndani, lipu ikabanduka na jiwe likaoza. Makadirio yaliyoandikwa na mtu asiyejua haya yataomba saruji kwa sababu ni rahisi kupatikana, na pesa ya umma itaharibu kile ilichotumwa kuokoa. Andikeni chokaa. Andikeni boriti za mikoko zenye kibali, na siku za kazi za fundi anayejua kuzipanga, hata kama hesabu itapanda.

Kisha semeni nani atatunza. Nani atamwagilia miche kiangazi, nani atafagia, taa ikiungua italipiwa na nani? Maafisa wamechoka kuona bustani zikizinduliwa kwa utepe na kufa kwa kiu. Ombi linalojibu maswali hayo, hata kwa nusu ukurasa, lina uzito kuliko kurasa 20 za sifa.

Hatuombi ndoto. Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821, ilikuwa jela hadi 1984. Leo ni makumbusho, na mbele yake, kwenye uwanja wa Mkunguni, watu hukaa kivulini, hucheza bao na kusalimiana. Hapo ndipo tunapojuana sisi kwa sisi. Kila mtaa unastahili mahali kama hapo, na watoto wanaocheza mpira kati ya bodaboda wanastahili zaidi.

Iteni kikao Ijumaa hii baada ya swala, au Jumapili baada ya ibada. Chagueni kiwanja kimoja au jengo moja, si matano. Waulizeni akina mama wanaopita hapo usiku wanataka taa ziwekwe wapi, na majibu yao yaingie kwenye barua.