Mashine ya gemu haimtibu mtoto

Test zimetubana, ndo maana nilipotea. Leo lazima niseme la moyoni.

Juzi kwenye semina ya elimu maalumu tuliulizwa: shule yenye watoto wa mtindio wa ubongo ikipata msaada wa fedha, inunue nini kwanza? Kundi moja likajibu: gemu za video za kuchezesha mwili, zile za kurusha mkono na kuruka badala ya kubonyeza umekaa. Darasa zima makofi! Nikanyoosha mkono, muda ukaisha. Basi nasemea hapa.

Sibishi kwamba zinasaidia. Tiba kazi, kwa asiyejua, haihusu ajira. Ni kumwezesha mtu kufanya shughuli zake mwenyewe: kula, kufunga vifungo vya shati, kushika penseli. Inataka kurudia tendo lile lile mara nyingi mno, na mtoto gani atanyanyua mkono mara hamsini bila kununa? Mpe tenisi ya Wii, atafika mia na bado anataka.

Ila Wii inasoma rimoti inavyotikisika, haimsomi mtoto. Aliyewahi kuicheza anajua: unakaa zako kwenye kochi, unachezesha kifundo cha mkono tu, mpira unaenda. Mtoto naye atagundua, tena haraka. Skrini itasema ameshinda, kumbe bega lililotakiwa kufanya kazi limelala. Anayeliona hilo ni mtaalamu aliye pembeni yake. Asipokuwepo, mmefungua kibanda cha gemu ndani ya shule, basi.

Halafu kuna utafiti wa EVREST, uliotoka kwenye jarida la Lancet Neurology mwaka 2016. Wagonjwa 141 wa kiharusi, nchi nne. Wote walipata mazoezi ya kawaida, na juu yake wengine wakacheza Wii, wengine karata, bingo au mpira, vipindi 10 vya saa moja moja ndani ya wiki mbili. Mikono ikapata nafuu pande zote mbili, Wii haikuzidi. Karata jamani! Najua, wale walikuwa watu wazima. Lakini kama siri ingekuwa kwenye mashine, si ingejitokeza hapo?

Na ikiharibika je? Kinect, iliyosifiwa kwa kuona mwili mzima bila kushika chochote, Microsoft waliacha kuitengeneza mwaka 2017. Utazunguka Kariakoo mpaka viatu viishe.

Wataalamu wa tiba kazi wanasomeshwa KCMC, Moshi. Fedha hiyo imlipe mmoja wao aje kila wiki, achague mchezo kulingana na mtoto. Mdako peke yake una kurusha, kudaka na kuokota kokoto kwa vidole, na vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyoshika penseli.

Mwenye hoja tofauti anikute kwenye vimbweta kesho saa kumi. Aje na bei ya mashine, na aniambie umeme ukikatika watoto wanafanya nini.