Barua ya wazi kwa FECOFA: Waandikeni wasichana wa Masisi na Walikale

Waheshimiwa viongozi wa shirikisho letu la mpira, Kinshasa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ikifika saa kumi jioni ninakuwa kocha. Nimefundisha wasichana mpira kwenye vilima vya Masisi, ambako kiwanja ni malisho ya ng'ombe. Ukipiga shuti kubwa, baloni inateremka hadi bondeni; mmoja anaifuata, wengine wanakaa kwenye nyasi wakimngoja. Mara nyingi baloni yenyewe ilikuwa ya majani makavu ya migomba, mifuko na kamba. Aliyezoea kuituliza hiyo kwa kifua, ile ya dukani haimsumbui.

Novemba 2024 wasichana wa TP Mazembe walipoifunga AS FAR bao 1-0 huko Morocco na kuchukua kombe la mabingwa wa Afrika, wachezaji wangu walikuwa tayari ni wahami wa vita, wengi wao katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa Goma. Walipiga kelele hadi mama mmoja akatoka hemani akidhani kumetokea vita vingine. Mwanzoni mwa 2025 Merveille Kanjinga akatoka Mazembe kwenda Paris Saint-Germain. Kwa wasichana wangu habari ile ilikuwa kama ramani: kumbe kutoka Kongo hadi Paris kuna njia, na mwenzao ameipita.

Lakini Januari ya mwaka huo vita vilifika Masisi-centre, kisha vikaingia Goma. Machi ikawa zamu ya Walikale. Kambi zilibomolewa, watu wakatawanyika mara ya pili. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia juu ya jambo moja tu, nalo ni karatasi.

Nina beki wa kushoto ambaye namheshimu sana. Anacheza na kandambili alizozifunga kwa kamba kuzunguka kifundo cha mguu, na bado winga hampiti. Timu moja ya mjini ilimpenda, akaenda kuandikishwa. Karani, ambaye sitamtaja wala ofisi yake, akamwomba cheti cha kuzaliwa na barua ya kuachiwa na timu yake ya zamani, yenye muhuri. Timu gani hiyo? Ile ya kilimani haikuwahi kuwa na muhuri. Mwenyekiti wake alikimbia usiku kama sisi sote. Cheti kilibaki ndani ya nyumba ambayo hatujui kama ingali imesimama. Msichana alirudi kwangu akiwa na picha zake nne za pasipoti ndani ya kifuko cha nailoni, hazijakunjwa hata pembe. Bado anazo.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi kwamba FIFA inamhesabu mchezaji kuwa wa kulipwa pale tu anapokuwa na mkataba wa maandishi na analipwa zaidi ya anachotumia katika mpira. Tangu Januari 2021 mchezaji anayejifungua ana haki ya likizo ya wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili za mshahara wake. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliposhindania mshahara wake wa wakati wa ujauzito dhidi ya klabu ya Lyon, alishinda. Alikuwa na mkataba mkononi. Asiyeandikwa popote atashika nini?

Na kuna lililonistaajabisha zaidi. Mtoto anayevuka mpaka kukimbia hatari anatajwa katika kanuni za FIFA za uhamisho, kwa sababu za kibinadamu. Beki wangu hakuvuka mpaka wowote. Alitembea kutoka Masisi hadi Goma, ndani ya nchi yake, na uhamisho wa ndani ya nchi unatawaliwa na shirikisho la nchi. Mlango wake ni ninyi peke yenu.

Huku kwetu, kwa miaka mingi gunia la koltani ya Rubaya lilifungwa lebo yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka wapi. Bati ya Bisie, kule Walikale, nayo njia yake inafuatiliwa hadi ng'ambo. Naomba mtoto wa Masisi na wa Walikale apewe namba vilevile. Mchezaji anapouzwa nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha zinagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, zile zinazoonekana katika kumbukumbu zake. Kama miaka ya kilimani haikuandikwa, hata akifika Paris, kilima hakitapata hata baloni moja.

Hivyo, iambieni ligi ya mkoa, LIFNOKI, ifungue daftari la wachezaji waliohamishwa na vita, popote walipo. Ushahidi wa mwalimu, wa chifu na wa mchungaji waliomwona mtoto akikua upokelewe kwa muda mahali pa cheti. Najua mtaogopa udanganyifu wa umri, na mna haki, kwani umri umeshadanganywa sana katika mpira wetu. Pimeni, hojini, linganisheni na madaftari ya shule yaliyookolewa. Ila msimkatae mtoto kwa sababu ofisi ya kijiji chake haipo tena. Na barua ya kuachiwa isidaiwe kwa timu ambayo vita viliivunja.

Daftari langu la mahudhurio nilikimbia nalo ndani ya kitenge, pamoja na sufuria. Limelowa pembeni, lakini majina yanasomeka: jina la msichana, la mama yake, kijiji, mwaka alioanza kucheza. Mwenye picha nne ni wa saba kutoka juu, na mbele ya jina lake nimeacha nafasi ya namba.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu na kocha, mwana wa Masisi