NGUZO YA UMEME HAINA UCHAWI

Ndugu wananchi wa Tarime, tangu nguzo za umeme zilipoanza kuacha barabara kuu ya Sirari na kuingia vijijini, maneno nayo yameingia pamoja nazo. Huku twaambiwa ati waya ukipita karibu na nyumba, watoto watakufa kwa saratani. Kule mabwana wenye mikoba watuambia hakuna la kuuliza, tununue LUKU na kunyamaza. Sisi twayakataa yote mawili.

Jambo lenyewe ni hili. Kila waya unaopitisha umeme huzungukwa na uga wa sumaku, nguvu isiyoonekana kwa macho wala kuzuiwa na tofali au bati. Lakini nguvu hiyo huchoka upesi mno ukisogea mbali. Pasi ya umeme, kwa umbali wa sentimita 3, hutoa mikrotesla 8 hadi 30. Kwa sentimita 30 haifiki hata nusu ya mikrotesla. Kwa mita moja karibu hakuna kitu. Na kikomo ambacho kamati ya kimataifa ya wataalamu iliwawekea raia mwaka 2010, kwa umeme wa aina yetu, ni mikrotesla 200.

Je, saratani? Swali hilo lilianza Denver, Marekani, mwaka 1979. Mwaka 2000 wataalamu walikusanya hesabu za nchi nyingi, wakaona kwamba katika nyumba chache ambazo uga wake kwa wastani ulizidi mikrotesla 0.3 au 0.4, saratani ya damu kwa watoto ilionekana kama mara mbili. Haikuthibitika kwamba uga ndio uliosababisha. Basi mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani likauandika uga huo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Wakulima wetu wa kahawa na wajue kwamba kahawa nayo ilikaa katika kundi hilo hilo tangu 1991 hadi 2016 ilipoondolewa, na hatukumwona mzee hata mmoja akimwaga kikombe chake.

Uga wa sumaku hufuata wingi wa mkondo unaopita katika waya. Laini ya kijiji inayowasha balbu na kuchaji simu hupitisha mkondo mdogo. Ugomvi wetu hauko kwenye nguzo hiyo. Uko kwa fundi asiye na leseni. Waya wa moto na waya wa kurudisha vikipita pamoja, nguvu zao za sumaku hufutana. Yeye huvitenganisha, mmoja huku na mwingine kule ili aokoe mita chache za waya, na nyumba nzima ikabaki ndani ya uga. Kazi ya namna hiyo ndiyo pia inayounguza nyumba na kuua mtoto aliyegusa ukuta wenye maji. EWURA hutoa leseni kwa mafundi. Muombe akuonyeshe yake kabla hujampa hata senti.

Na yule anayemuuzia maskini kiwanja ndani ya mkuza wa laini kubwa, huyo twamwita mwizi, awe mwenyekiti au awe nani. Waya ukikatika hauchagui.

Nyumbani, kitanda kisiegemee ukuta ambao nyuma yake pana friji au mita. Simu inayochajiwa isilale chini ya mto. Haya hayagharimu kitu.

Lakini tusidanganyane juu ya kilicho kikubwa. Moshi wa majiko ya kuni, mkaa na mafuta ya taa uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Mama wa Nyamwaga anayekohoa kila jioni juu ya mafiga hakuumizwa na nguzo. Anayeifukuza nguzo kwa uvumi anamrudisha mama huyo kwenye moshi, na mara nyingi yeye mwenyewe hapiki.

Kwa upande wa Serikali tunalo dai. Tume ya Nguvu za Atomiki iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, na kazi yake ni kuwalinda wananchi na mionzi ya kila namna. Basi waje na vipimo Tarime, waanze na nyumba zilizo jirani na laini kubwa na transfoma, na waliyoyapima wayabandike kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kwa tarakimu ambazo mtoto wa darasa la saba aweza kumsomea bibi yake. Madiwani wetu walipeleke dai hili katika kikao kijacho cha halmashauri, nasi tutauliza majina ya walionyamaza.